Je, wajua maandishi yasiyosomeka huchunguzwaje?

Andika b, d, p na q. Zote ni kijiti na tumbo. Kinachohama ni tumbo tu. Waliopita chuoni kwa mwalimu wa Kurani wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: herufi za Kiarabu be, te na the zina mwili mmoja, nukta ndizo zinazozitenganisha. Hata asiyejua kusoma angeweza kuyaona haya kwa macho tu, na hapo ndipo wachunguzi huanzia.

Tuchukue muswada wa Voynich, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi ambazo bado hazijasomeka. Sasa uko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wilfrid Voynich, muuza vitabu vya kale, aliununua mwaka 1912. Vipimo vya kaboni vinaonyesha kuwa ngozi ya kurasa zake ni ya kati ya 1404 na 1438. Kila mara hujitokeza mtu akidai ameusoma. Msikilize, ila usimpongeze bado.

Herufi zake nyingi huanza na tao dogo mfano wa c, au kijiti kifupi mfano wa i isiyo na nukta. Tao likishushiwa mkia, unapata kitu kama 9. Kijiti kikirushiwa mkia juu, unapata herufi nyingine. Mkia uleule ukiuweka juu ya tao, unapata ya tatu. Tao likifungwa kwa kijiti, unapata a.

Lakini umbo peke yake hudanganya: b na d zinafanana, k na g hazifanani, ingawa k na g ndizo zinazotamkwa mahali pamoja kinywani. Kwa hiyo huangaliwa majirani. Katika muswada huu matao hupenda kufuatana na matao, na vijiti na vijiti. Ile a, iliyo tao mwanzo na kijiti mwisho, hukaa mpakani: baada yake mara nyingi vijiti huanza. Hilo ni la ajabu, kwa sababu sisi hatuchagui herufi inayofuata kwa kutazama mkono ulivyochora iliyotangulia.

Huenda basi tunazihesabu vibaya. Neno linalojirudia kuliko yote humo huishia na vijiti vitatu, cha mwisho kikiwa na mkia. Je, hizo ni herufi tatu, mbili, au moja? Waandishi wa Kilatini wa zama hizo nao waliandika m kwa vijiti vitatu, n kwa viwili, i kwa kimoja, na msomaji akaachiwa kazi ya kuvigawa. Tofauti ni kwamba yeye alikijua Kilatini.