Watazamaji wa Televisheni Marekani: Asilimia ya Nini?

Februari 28, 1983, watu wapatao milioni 106 walitazama kipindi cha mwisho cha tamthilia ya M*A*S*H kwenye kituo cha CBS. Februari 2024, Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Kimarekani, ikapata zaidi ya milioni 123. Anayeishia hapo atasema televisheni ya Marekani inanawiri. Hajauliza: kati ya watu wangapi? Wamarekani walikuwa kama milioni 234 mwaka 1983, na kama milioni 340 mwaka 2024. Kipindi kile kilikusanya karibu nusu ya nchi. Fainali hii, zaidi kidogo ya theluthi. Isitoshe, siku hizi huhesabiwa hata wanaotazama wakiwa baa na hotelini. Mwaka 1983 hao hawakuhesabiwa.

Nielsen, kampuni inayofanya vipimo hivi, hutoa namba mbili ambazo hata waandishi wa habari huzichanganya. Kiwango cha utazamaji ni asilimia ya kaya zote zenye televisheni, iwe imewashwa au imezimwa. Mgao ni asilimia ya zile tu zilizowasha wakati huo. M*A*S*H ilipata kiwango cha 60.2 na mgao wa 77. Gawanya 60.2 kwa 77, utapata takriban 0.78: usiku ule kaya 78 katika kila 100 zilikuwa zimewasha televisheni. Namba mbili zimekupa ya tatu bure.

Mgao hauwezi kuwa mdogo kuliko kiwango. Ukisoma taarifa inayosema hivyo, ujue aliyeiandika amezigeuza. Kipindi cha usiku wa manane kinaweza kuwa na mgao mnono na watazamaji kiduchu, maana wengine wamelala, na kituo kinachojisifu hakitakosa kuutaja huo mgao. Kumbuka pia kwamba namba hizi hukadiriwa kwa sampuli ya kaya. Kipindi kikishuka wiki moja kutoka 0.6 hadi 0.5, huenda hakuna kilichobadilika ila bahati ya sampuli.

Sasa tuje kwenye kuporomoka kwa utazamaji wa vituo vikubwa. Katika miaka ya 1970, mitandao mitatu ya televisheni, ABC, CBS na NBC, ilikuwa ikigawana zaidi ya asilimia 90 ya watazamaji wa jioni. Sidhani vipindi vyake vilikuwa vitamu kiasi hicho. Watu hawakuwa na pengine pa kwenda. Kisha ikaja kebo yenye chaneli kadhaa, mikanda ya video, mtandao wa nne, Fox, mwaka 1986, na baadaye intaneti. Mei 2025, kwa hesabu ya Nielsen, utiririshaji, yaani kutazama kupitia intaneti, ulichukua asilimia 44.8 ya muda wa kutazama televisheni, kebo 24.1, na matangazo ya kawaida ya hewani 20.1.

Lakini uliza tena: asilimia ya nini? Ya muda, si ya watu, na kwenye seti ya televisheni tu, simu haimo. Tena tamthilia ya CBS ikitazamwa kupitia Paramount+, huduma ya utiririshaji, huhesabiwa upande wa utiririshaji, ingawa mwenye mali ni yuleyule. Sehemu ya watazamaji “waliopotea” wamehamia chumba cha pili cha nyumba ileile.

Watangazaji wa biashara wanalijua hilo, na wanajua pia kwamba umati unaotazama kitu kimoja kwa saa moja umekuwa adimu. Ndiyo maana bei ya tangazo la Super Bowl imeendelea kupanda katika miaka hiyohiyo ambayo vipindi vya kawaida vya jioni vimekuwa vikipoteza watazamaji.