Kuchagua difu na uwiano wa fainali kwa gari la saketi

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea Mazda MX-5 ya mwaka 1995, yenye injini ya lita 1.8, pamoja na boksi lenye krauni na pinioni mpya (gia kubwa na ndogo zinazopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma) za uwiano wa 4.77, yaani pinioni huzunguka mara 4.77 krauni ikizunguka mara moja, akanitaka nizifunge kabla ya siku yake ya kuendesha kwenye saketi ya mbio za magari ya Brands Hatch. Nilimuuliza swali moja: ukitoka kwenye kona ya Druids, uko gia ya ngapi? Hakuwa na hakika. Alidhani ni ya tatu, ila siku nyingine ya pili. Nilimrudishia boksi lake, nikamwomba aliendeshe gari kama lilivyo, aweke kinasa data, kisha arudi na namba.

Kazi yangu ni difu, kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi la kushoto na la kulia. Niliianza kwenye karakana za malori pale Changamwe, Mombasa, na sasa naifanya Kent, Uingereza, ambako wateja wangu wengi ni watu wenye magari madogo wanaolipia siku ya saketi na kurudi nyumbani na gari lilelile. Huko Changamwe difu ilikuwa chombo cha kubeba mzigo, na hapa ni chombo cha kutokea kona, lakini meno ni yaleyale na makosa ya ufungaji ni yaleyale.

Fainali, yaani krauni na pinioni, hukaa ndani ya nyumba moja na difu. Kwa kuwa kuitoa nyumba hiyo chini ya gari na kuipanga upya ni kazi ya siku nzima, watu huvichagua vitu hivi viwili kana kwamba ni kimoja. Fainali huamua gari litakuwa na kasi gani katika kila gia, wakati difu huamua nguvu inayofika nyuma itagawanywa vipi kati ya tairi la ndani na la nje ya kona. Mtu anayelalamika kwamba gari lake halichomoki vizuri kwenye kona ana tatizo la kimoja kati ya hivyo viwili, na si rahisi kukijua kwa kukaa kwenye usukani tu.

Tuanze na fainali, kwa sababu hesabu yake ni wazi. MX-5 ya giaboksi ya gia tano ina uwiano wa 3.136 katika gia ya kwanza, 1.888 katika ya pili, 1.330 katika ya tatu, 1.000 katika ya nne na 0.814 katika ya tano. Mteja wangu anatumia matairi ya 195/50R15, ambayo kwa mzunguko mmoja husafiri takriban mita 1.81. Kwa fainali yake ya 4.1, injini ikifika mizunguko 7000 kwa dakika, gia ya pili humfikisha kilomita 98 kwa saa, ya tatu 139 na ya nne 185. Kwa fainali ya 4.3 namba hizo hushuka kuwa 94, 133 na 177. Kwa ile ya 4.77 aliyoinunua, huwa 84, 120 na 159.

Alirudi baada ya wiki mbili na data. Saketi fupi ya Brands Hatch, ile iitwayo Indy, ina urefu wa kilomita 1.9 hivi, na Druids ni kona yake kali kuliko zote, ya kulia, inayofikiwa kwa kupanda mlima na kuachwa kwa kuteremka. Mteja alikuwa anaitoka kwa kilomita 70 kwa saa. Kwa fainali ya 4.1, kasi hiyo katika gia ya tatu ni mizunguko 3500 tu, na injini hii huvuta vizuri zaidi karibu na 5000, kwa hiyo gari lilikuwa linajikongoja. Katika gia ya pili ilikuwa karibu mizunguko 5000, mahali penyewe hasa, lakini ilimlazimu abadilishe gia kwa kilomita 98, wakati gari bado linateremka kuelekea kona inayofuata. Mwisho wa mbio ndefu, yaani sehemu iliyonyooka mbele ya jukwaa, kabla ya kona ya Paddock Hill, alifika kilomita 157.

Sasa weka ile 4.77 mahali hapo. Druids angeweza kuitoka kwa gia ya tatu kwa mizunguko 4100, bila kubadilisha gia hadi kilomita 120, na hilo ni jambo zuri. Lakini kwenye mbio ndefu gia yake ya nne ingeishia 159, na kilomita mbili za akiba haziwezi kuhimili hata upepo wa nyuma, wala matairi mapya yanayoshika vizuri zaidi, wala maendeleo yake mwenyewe kama dereva. Siku atakayoitoka Clearways, kona ya mwisho kabla ya mbio hiyo, kwa kasi zaidi, injini itagonga kikomo mita chache kabla ya breki, au atabadilisha kwenda gia ya tano kwa sekunde moja na kurudi, akipoteza kile alichokipata Druids. Nayo 4.3 ingempa karibu asilimia 5 tu ya mvuto zaidi katika kila gia, bila kumwondolea hata badiliko moja la gia katika raundi nzima.

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Fainali fupi, yaani yenye namba kubwa zaidi, haiongezi nguvu ya injini. Unasikia gari limechangamka kwa sababu kila gia inaisha mapema, na kuisha mapema kuna gharama yake: kila ubadilishaji ni sehemu ya sekunde ambayo gari halisukumwi. Faida hupatikana pale tu fainali mpya inapoiweka injini mahali pake katika kona mbili au tatu zinazoamua raundi, bila kukulazimisha kubadilisha gia mahali pabaya. Jibu langu kwa mteja lilikuwa abaki na 4.1, na nadhani hakulipenda.

Kuna hali ambazo ningesema vingine. Mtu anayehama kutoka matairi haya kwenda 205/50R16 anaongeza kipenyo kwa asilimia 6, na gari lake la 4.1 linakuwa kama la 3.86 bila yeye kujua. Huyo nitamfungia 4.3 ili arudi karibu na alipokuwa. Mwenye turbo huelekea upande wa pili, mara nyingi 3.636, kwa sababu nguvu anayo na anachokosa ni urefu wa gia. Honda wenyewe walifanya uamuzi wa aina hii kiwandani, walipoifupisha fainali ya Integra Type R ya Japani kutoka 4.4 hadi 4.785 mwaka 1998, kwa injini inayopenda kuzunguka juu sana. Ukiwa na injini ya namna hiyo, fainali fupi ina mantiki.

Data ya mteja ilikuwa na jambo la pili, na hili ndilo lililonivutia zaidi. Kila alipotoka Druids kwa gia ya pili, mizunguko ya injini ilipanda ghafla kwa nusu sekunde huku kasi ya gari ikibaki palepale. Tairi la kulia la nyuma, la ndani ya kona, lilikuwa linazunguka bure. Gari lake lilikuwa na difu ya kawaida, iliyo wazi.

Difu iliyo wazi huzipa tairi zote mbili nguvu sawa daima, na usawa huo ndio ubaya wake. Tairi la ndani likiwa limepunguziwa uzito na kuweza kushikilia Nm 100 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), la nje nalo litapata 100 hizohizo, hata kama lingeweza kuhimili mara tatu yake. Kinachobaki ni kelele na moshi.

Difu ya gia za mshazari, kama Torsen, ambayo Mazda waliifunga kwenye baadhi ya MX-5 za lita 1.8, hulipa tairi lenye mshiko mara kadhaa ya lile lisilo nao. Tuseme uwiano wake ni 2.5: tairi la ndani likishikilia Nm 100, la nje litapewa hadi 250, na gari lisukumwe na 350 badala ya 200. Haina plati za kusagika, haihitaji dawa maalumu ndani ya oili, na dereva haisikii ikifanya kazi. Udhaifu wake ni mmoja, na ni wa hesabu tupu: tairi la ndani likinyanyuka kabisa, sifuri mara 2.5 ni sifuri. Kwa hiyo gari lenye springi ngumu na baa nene ya nyuma (ile inayozuia gari lisilale kwenye kona), linaloinua tairi juu ya kingo za saketi, halitafurahia Torsen hadi utakapolegeza baa hiyo.

Difu ya plati inazo klachi ndogo zinazobanwa na pini zikipanda kwenye miteremko iliyochongwa ndani yake, pamoja na mbano wa awali wa springi unaofanya kazi hata tairi likiwa hewani. Watengenezaji kama Cusco, Kaaz na OS Giken huziuza zikiwa za njia moja, njia moja na nusu, au njia mbili. Ya njia moja hujifunga unapokanyaga mafuta tu. Ya njia mbili hujifunga kwa nguvu ileile unapoachia pia. Ya njia moja na nusu hujifunga kwa kiasi kidogo unapoachia. Kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma na kuendeshwa saketi, mimi huanza na ya njia moja na nusu, kwa sababu ule mfungo mdogo wa kuachia hulituliza gari wakati wa kukanyaga breki kali bila kuifanya pua ikatae kuingia kona. Ya njia mbili nawaachia watu wa drifti, wanaotelezesha gari kwa makusudi. Difu iliyochomelewa nawaachia pia hao, na sitazungumza zaidi juu yake.

Zile difu za vimiminika vizito, zilizokuwa kwenye baadhi ya MX-5 za lita 1.6, huchelewa kuamka na huchoka kwa umri. Za lita 1.6 zina tatizo jingine: krauni yake ni ya inchi 6, wakati za 1.8 ni za inchi 7. Ukitaka kuhama kutoka ndogo kwenda kubwa, nunua nyumba nzima pamoja na shafti za pembeni na propela yake, kwa maana vipande vya gari moja havitakubali kukaa kwenye jingine.

Mteja wangu alipata Torsen iliyotumika, na tukaifunga pamoja na 4.1 yake ya zamani, kwa kuwa krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani kama jozi na hazitenganishwi. Kabla ya kununua fainali iliyotumika, hesabu mwenyewe. Niliwahi kulipia seti ya 4.3 kwa muuzaji wa vipuri chakavu, nikaifunga bila kuhakiki, na kugundua barabarani kwamba ni 4.1. Tangu siku hiyo naweka alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni na nyingine kwenye krauni, kisha nazungusha krauni mara kumi. Pinioni ikizunguka mara 41, jibu unalo. Ikizunguka 43, pia unalo.

Ufungaji ndio unaoamua kama vitu hivi vitadumu. Nafasi kati ya meno ya MX-5 huwa karibu moja ya kumi ya milimita, na naipima kwa geji ya saa katika sehemu nne za krauni, kwa sababu sehemu moja inaweza kukudanganya. Kisha napaka rangi kwenye meno, nazungusha huku nikizuia kwa mkono, na kuangalia alama inayobaki. Ikikaa katikati ya jino, pande zote mbili, ni vizuri. Ikipanda juu au kushuka kwenye mzizi, kosa ni la shimu ya pinioni, yaani bati jembamba la kurekebisha nafasi yake, na kila kitu kinatolewa tena. Bushi inayobonyea nyuma ya pinioni naibadilisha kwa kipande kigumu chenye shimu kwenye gari la saketi, kwani ile ya asili ukiikaza kupita kiasi huwezi kuirudisha nyuma, lazima uweke mpya.

Kwa wasomaji wenye Subaru Impreza, ambao najua ni wengi huko nyumbani, onyo langu ni moja: kwa kuwa tairi zote nne husukumwa, fainali ya mbele na ya nyuma lazima zikubaliane. Kuna giaboksi za WRX za gia tano zenye 3.9 mbele na difu ya 3.545 nyuma, na hazina kosa, kwa sababu ndani yake kuna gia ya kupeleka nguvu nyuma yenye uwiano wa 1.1, na 1.1 mara 3.545 ni 3.9. Ukifunga difu ya nyuma ya 3.9 kwenye giaboksi hiyo ukidhani umesawazisha, nyuma itakuwa fupi kuliko mbele kwa asilimia 10, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itazunguka na kuchemka hata kwenye barabara iliyonyooka. Vilevile giaboksi ya Japani ya 4.444 inakuja na difu yake ya nyuma ya 4.444, na muuzaji akikuambia inaweza kwenda bila hiyo, usilipe.

MX-5 ilitoka karakana ikiwa na oili mpya ya 75W-90 ya GL-5. Nilimwomba mteja asiikanyage kwa kilomita 300 za kwanza, kisha airudishe nimwage oili hiyo. Kwenye sumaku ya kizibo kulikuwa na unga mwembamba wa kijivu, laini kama majivu ukiusugua kwa vidole, bila kipande hata kimoja kinachometa. Nilimjazia oili nyingine, akaenda Brands Hatch na fainali yake ileile ya 4.1.