Uyoga sio mmea jamani, na ubwiriunga wa mikorosho nao sio

Watu wengi huku Mtwara bado wanasema uyoga ni mmea kisa unaota chini na hautembei. Hapana. Zamani mwanasayansi Linnaeus aliwagawa viumbe himaya mbili tu, yaani makundi makuu, wanyama na mimea, basi uyoga ukatupiwa kwa mimea, ila mwaka 1969 mwanasayansi mwingine, Robert Whittaker, akaja na himaya tano na fangasi, ambao uyoga ni mmoja wao, wakapata ya kwao. Na wanastahili kabisa, maana mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, fangasi hawezi, yeye anakula vya wengine, tena kuta za seli zake zina kaitini, ileile iliyopo kwenye gamba la kaa, wakati mmea una selulosi. Kiukoo yuko karibu zaidi na sisi wanyama, hili mi naona watoto wafundishwe mapema sana.

Angalia ule unga mweupe kwenye maua ya mkorosho, ubwiriunga, wengine wanadhani vumbi. Ule ni fangasi hai, nyuzi zake zimetanda juu ya ua zinapenyeza vinyonyeo ndani ya seli, ua linakauka halizai korosho, ndo maana salfa inapulizwa mapema maua yakianza kutoka.