Baada ya kupasua taya

Mzee mmoja aliletwa na mwanawe kwenye kliniki yangu hapa Kisumu, akaniuliza swali moja tu: "Daktari, samaki nitakula tena?" Saratani yake ilikuwa nyuma ya ulimi, pasipofikika kupitia mdomoni. Hapo wakati mwingine tunapasua mdomo wa chini hadi kidevuni, tunakata taya la chini na kulifungua kama mlango wenye mabawa mawili.

Kukata katikati kabisa kunavuruga misuli ya ulimi iliyoshikilia nyuma ya kidevu, na kumeza kunakuwa taabu. Ukienda nyuma mno, unafikia mshipa wa fahamu wa mdomo. Kwa hiyo napendelea kupita mbele kidogo ya chonge. Vibao vya titaniamu, vya kuufunga mfupa tena baadaye, hukunjwa kufuata umbo la taya, na matundu ya skrubu hutobolewa, kabla msumeno haujagusa mfupa. Ukikata kwanza, meno yanaweza kukataa kukutana.

Wagonjwa huogopa kovu, ambalo mara nyingi hufifia. Hofu yangu ni ule mkato wa mfupa. Mate yakipenya mshononi, usaha huanza, skrubu hulegea, na ncha mbili za taya hubaki zikicheza. Kibao huweza kuchungulia nje ya fizi. Wengine hupata tundu shingoni, wakinywa uji unatokea hapo. (Mvutaji sigara hupona polepole zaidi, nami hunusa koti kabla sijauliza.)

Kisha kuna mionzi, ambayo kwa kawaida tunataka ianze ndani ya wiki 6 baada ya upasuaji. Huharibu mishipa midogo ya damu, na taya la chini halina damu nyingi kama la juu. Mfupa unaweza kufa hata miaka kadhaa baadaye. Ndiyo maana meno mabovu tunayang'oa mapema, tukiyapa mashimo kama siku 10 hadi 14 yafunge kabla ya mionzi. Mama mmoja aling'olewa gego kwingine, miaka miwili baada ya mionzi, bila kumweleza aliyemng'oa. Shimo halikufunga, na vipande vya mfupa vikaanza kutoka.

Mzee wangu taya lake liliunga. Upande mmoja wa mdomo una ganzi, chai humdondoka bila yeye kujua, kwa hiyo leso haimtoki mkononi. Samaki anakula. Mkewe humtolea miiba.