Mbwa wa chuma hakukosa watazamaji

Mashabiki wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya hadithi za kubuni za kisayansi, wamezoea kusema kwamba K-9 and Company iliishia kipindi cha kwanza kwa sababu hakuna aliyeitazama. Si kweli.

Kipindi hicho, tamthilia ya kwanza ya televisheni iliyochipuka kutoka Doctor Who, kilirushwa na BBC1 tarehe 28 Desemba 1981. Elisabeth Sladen alirudi kama mwanahabari Sarah Jane Smith, akiwa na K9, mbwa roboti mwenye sauti ya John Leeson. Kilipata watazamaji milioni 8.4, wengi kuliko wastani wa msimu wa Doctor Who uliokitangulia. Tena jioni ile mtambo wa kurushia matangazo wa Winter Hill uliharibika, na nyumba nyingi za kaskazini-magharibi mwa Uingereza hazikukipata. Bila hitilafu hiyo, huenda idadi ingepanda zaidi.

Kilichokwamisha ni ofisini: uongozi wa BBC1 ulikuwa umebadilika, na mkuu mpya hakuvutiwa nacho. Kasoro zilikuwepo, usiniulize kuhusu wimbo wa kufungulia, lakini watazamaji hawakuwa tatizo.

Sarah Jane alipata mfululizo wake mwaka 2007.