Nani ana ruhusa ya kusimamisha pembea? Dhana potofu na ukweli kuhusu mashine za michezo

Idi ikikaribia, viwanja vya Malindi hujaa vyuma. Pembea hufungwa, magurudumu ya kuzungusha watoto hupakwa rangi, na majumba ya upepo ya kurukia hupulizwa kwa feni zinazovuma tangu asubuhi. Wazazi huuliza bei. Wachache huuliza nani alikaza nati zile, na nani akisema "simamisha" pembea husimama kweli. Nawaandikia wazazi hao na wenye mashine. Nawaandikia pia vijana wetu wanaotafuta kazi kwenye bustani kubwa za burudani za Ghuba, kwa sababu dhana potofu ni zilezile, mashine iwe ya kusukumwa kwa mkono au ya kuendeshwa na kompyuta.

Dhana: Ajali haina kinga.

Ukweli: Kudura ya Mwenyezi Mungu hakuna anayeipinga hapa. Lakini ajali kubwa za mashine hizi zimechunguzwa hatua kwa hatua, na uchunguzi huonyesha dalili zilizoonekana mapema zikaachwa zipite.

Chukua ya bustani ya burudani ya Dreamworld, Australia, tarehe 25 Oktoba 2016. Watu 4 walifariki kwenye Thunder River Rapids, mchezo wa kuelea juu ya maji uliopandwa na familia tangu 1986. Pampu ilizimika, maji yakashuka, chombo kimoja kikakwama kwenye reli penye mkanda wa kupandishia. Mkanda ukaendelea kuzunguka, ukaleta chombo kingine chenye watu, vikagongana. Pampu hiyo ilikuwa imeshazimika mara 2 siku hiyohiyo, ikawashwa tena na kazi ikaendelea. Hakukuwa na sensa, yaani kifaa cha kuhisi, ya kutambua maji yamepungua ili izime mkanda. Waendeshaji ndio walioachiwa wayatazame maji kwa macho, huku wanapandisha abiria, wanashusha abiria na kukagua mikanda ya viti. Palikuwa na kitufe cha kusimamisha mkanda haraka, lakini aliyesimama karibu nacho alikuwa katika siku yake ya kwanza kwenye mchezo ule, na hakuwa ameelezwa kitufe kile hufanya nini.

Hebu hesabu ni mara ngapi ajali ile ingeweza kukingwa kabla haijatokea. Kila pampu ilipozima, palikuwa na nafasi ya kufunga mchezo mpaka sababu ijulikane. Mwaka 2020 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 3.6 za Australia.

Dhana: Mashine za kisasa hujilinda zenyewe.

Ukweli: Hujilinda, mpaka binadamu aamue kuzinyamazisha. Wahandisi wamefanya kazi kubwa ambayo abiria haioni. Breki nyingi za roli kosta, yaani treni ya michezo inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, hubanwa na springi na huachiliwa kwa nguvu ya hewa, kwa hiyo hewa ikikatika zinabana, haziachii. Ule mlio wa ta-ta-ta treni inapopanda kilima ni vyuma vinavyoizuia isirudi nyuma mnyororo ukikatika. Njia yenyewe hugawanywa vipande, na kompyuta haikubali treni iingie kwenye kipande ambacho kina treni nyingine.

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye roli kosta iitwayo The Smiler katika bustani ya burudani ya Alton Towers, Uingereza, kompyuta ilifanya kazi yake sawasawa. Ilizuia treni yenye watu 16 kwa sababu behewa tupu la majaribio lilikuwa limekwama mbele. Mafundi hawakujua kama liko pale. Walidhani kompyuta imekosea, wakaipita kwa kuondoa zuio lake, treni ikaachiliwa, ikaligonga behewa lile. Wasichana 2 walipoteza mguu kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ya Merlin, inayoendesha bustani hiyo, ilitozwa faini ya pauni milioni 5, na mahakamani ikawa wazi kwamba tatizo halikuwa mkono wa fundi mmoja. Hapakuwa na utaratibu uliopangwa wa kumwambia fundi afanye nini kompyuta inapogoma, wala wa kuhakikisha njia ni tupu kabla ya kuipita kompyuta.

Taa ya kuonyesha kwamba kizuizi cha kiti kimefungwa nayo isikulevye. Huko Orlando, Marekani, tarehe 24 Machi 2022, kijana wa miaka 14 aliteleza kwenye kiti cha mnara wa kushuka kwa kasi akafariki. Sensa ya kiti chake ilikuwa imelegezwa kwa mkono ili kizuizi kikubalike kikiwa wazi kuliko kawaida. Taa iliwaka.

Dhana: Imekaguliwa, basi ni salama.

Ukweli: Cheti husema kilichoonekana siku ya ukaguzi. Tarehe 26 Julai 2017, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio, Marekani, mashine ya kubembea na kuzunguka iitwayo Fire Ball ilikaguliwa na kupitishwa, kisha siku hiyohiyo kiti kikang'oka na kumuua kijana wa miaka 18. Mtengenezaji alieleza kwamba kutu ilikuwa imeila nguzo ya kushikilia viti kwa ndani, chuma kikawa chembamba. Nje haikuonekana.

Sisi wa mwambao tulisikilize hili kwa masikio mawili. Hewa yetu ina chumvi. Mabati na grili tunabadilisha kila mara. Mashine inayokaa kwenye kiwanja karibu na bahari, Malindi au Lamu, huliwa na kutu upesi kuliko ya bara, na rangi mpya ya Idi huificha kutu badala ya kuitibu. Mwenye pembea atoboe vishimo vya maji kutoka kwenye vyuma vyenye uwazi pale mtengenezaji anaporuhusu, agonge, akwangue, apime unene, na aandike kwenye daftari nini kilikaguliwa na nani. Kila asubuhi mashine izungushwe tupu kabla ya mtoto wa kwanza kupanda.

Dhana: Kosa ni la kijana anayeendesha.

Ukweli: Hii ndiyo dhana inayoniuma zaidi. Kijana analipwa kwa idadi ya tiketi, foleni ni ndefu, tajiri amekaa kwenye kiti anahesabu. Akisimamisha pembea kwa sababu amesikia mlio asioujua, anaulizwa nani atalipa hasara. Baada ya hapo atausikia mlio na kunyamaza. Nahodha anayeshusha tanga akiona wingu haitwi mwoga. Kwa nini kijana wa pembea aitwe hivyo?

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa anayoiona, na inamkataza mwajiri kumlazimisha arudi mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tajiri anayetaka usalama alipe siku, asilipe tiketi. Amwambie kijana mbele ya wenzake kwamba kusimamisha bure hakuna adhabu, na siku kijana akisimamisha bure, amshukuru.

Dhana: Jumba la upepo ni mto tu, halidhuru.

Ukweli: Ni tanga. Huko Harlow, Uingereza, mwezi Machi 2016, upepo ulilinyanyua jumba moja na mtoto wa miaka 7 akafariki. Waendeshaji 2 walifungwa jela kwa kutolifunga imara na kutofuatilia hali ya hewa. Kiwango cha Ulaya kinataka angalau nanga 6, na watoto watolewe upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Huna kipimo? Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, umekaribia sana. Kusi ikikaza, kiwanja cha Buntwani, ufukweni hapa Malindi, si mahali pa kujaribu bahati.

Dhana: Mtoto akikosa kimo, nitampakata.

Ukweli: Kizuizi cha kiti kimechorwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto mfupi hupita chini yake. Mashine ikivuta kwa nguvu mara 3 ya uzito, mtoto wa kilo 15 huwa kama kilo 45 zinazokuponyoka, na mikono ya mzazi haimudu. Kijana akimkatalia mwanao langoni, usimtie noti mkononi.