Punda Anayetema Majani Si Mkaidi, Anaumwa Meno

Siku ya kununua punda kila mtu ni daktari wa meno. Anamshika pua, anamfunua midomo, anatazama meno ya mbele, anataja umri bila kusita, kisha anatoa hela. Baada ya hapo mdomo ule haufunguliwi tena mpaka mnyama aanguke na mkokoteni.

Tunaandika haya kwa sababu malalamiko yanayofika ofisini kwetu kutoka Chanika, Chamazi na pembezoni mwa Kigamboni, hapa Dar es Salaam, yanafanana: punda amekonda, ameshapewa dawa ya minyoo mara mbili, na sasa hataki kazi. Minyoo ipo, hatukatai. Lakini dawa ya tatu haitasaidia kitu ikiwa hakuna aliyetazama magego.

Magego hayaonekani kwa kufunua midomo. Meno ya punda, kama ya farasi, hujitokeza kwenye ufizi kidogokidogo kwa miaka mingi, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na hutakiwa kusagika kwa kasi hiyohiyo. Kinachoyasaga ni majani: mnyama anayekula majani hupeleka taya pembeni, huku na huku, saa nyingi kwa siku. Anayelishwa pumba zaidi hutafuna kwa mkato, juu na chini. Na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo za nje za magego ya juu na za ndani za magego ya chini hazisagiki vizuri. Zinachongoka. Za juu zinakata shavu, za chini zinakata ulimi.

Mzee mmoja alituletea punda wake wa kubebea maji akisema amekuwa na kiburi, anatema chakula. Chini ya miguu ya yule punda palikuwa na vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimeviringika kama matonge ya ugali. Nilipombonyeza shavu kwa nje alirusha kichwa. Ndani palikuwa na kidonda, na ncha ya gego imeingia humo kama ufunguo kwenye kitasa. Upande wa pili pengo: fundi wa mtaani alishang'oa jino kwa koleo. Lile alilong'oa halikuwa lenye shida.

Naomba nieleweke hapa. Koleo la fundi huacha jeraha mdomoni, na punda na farasi ni wepesi mno kupata pepopunda. Jina lenyewe linatosha kukukumbusha. Jino hukwanguliwa kwa tupa maalumu yenye mpini mrefu, mnyama akiwa amechomwa sindano ya kumtuliza na mdomo ukiwa umeshikiliwa na chuma cha kupanulia. Huondolewa ncha kali tu. Anayelainisha jino lote kama anapiga msasa meza amemwondolea mnyama uso wa kusagia.

Dalili nyingine ni harufu mbaya mdomoni, mate mengi, majani marefu kwenye kinyesi, na kukataa lijamu, yaani chuma cha hatamu kinachokaa mdomoni, au kuvuta kichwa upande mmoja. Punda huficha maumivu, kwa hiyo ukiona dalili jua amevumilia muda mrefu. Akigoma kula siku nzima usisubiri Jumatatu: mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na anaweza kufa hata kama jino lenyewe lingetibika.

Kuhusu utaratibu. Anza kwa ofisa mifugo wa kata yako. Kama humfahamu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anamfahamu. Yeye ataona kama shauri linahitaji daktari wa mifugo wa halmashauri. Ukimwita mtu binafsi, mwombe uthibitisho kwamba ametambuliwa na Baraza la Veterinari, kwani Sheria ya Veterinari ya 2003 hairuhusu kila mwenye bomba la sindano kutibu mifugo. Ada ya serikali, pale inapotozwa, hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu, na risiti uitunze. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 nayo inalinda wanyamakazi: kumtumikisha mnyama mgonjwa ni kosa, na mahakama inaweza kutoa faini, kifungo au vyote viwili. “Punda afe mzigo ufike” si utetezi mbele ya hakimu. Hata hivyo, anayeleta mnyama kutibiwa haletwi kushtakiwa. Tumelisema hili mara nyingi.

Na kwa wenye maksai: ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Hajawahi kuwa nayo. Hayakung'oka, hakurogwa, msitupigie simu.

Punda na farasi aliyekomaa akaguliwe mdomo mara moja kwa mwaka. Aliye kati ya miaka 2 na 5, anapobadilisha meno, na aliyezeeka, kila baada ya miezi 6. Siku ya kumleta asivutishwe mkokoteni. Mkokote mwenyewe kwa kamba ya kichwani, mje taratibu. Akishakwanguliwa, mweke kivulini mpaka dawa ya kumtuliza iishe kabisa ndipo umpe chakula, maana akila angali amelegea anaweza kupaliwa. Ukimkuta na vidonda, lijamu lisimguse mpaka vipone, na pumba yake iloweke kwa maji mpaka iwe laini.